Bunduki ya Babu Bado ni Bunduki

Hotuba hii niliitoa kwenye baraza letu la vitu vya kale vya nyumbani, Kata ya Dunda, Bagamoyo. Wengi walizuiwa na mvua wakaomba wapewe maneno yote. Haya hapa, isipokuwa picha nilizoonyesha ukutani.

Assalaam aleykum. Na wenzetu wa upande wa Misheni, Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Aliyenitangulia amezungumza vizuri sana juu ya milango yetu ya kuchonga, nami nimemwonea wivu. Mlango ukiurithi unaupaka mafuta, unaufunga, basi. Hakuna atakayekuuliza kibali. Mimi mlinipa bunduki. Na bunduki, ndugu zangu, hata iwe na kutu, hata iwe haijalia tangu enzi za mkoloni, hata iwe risasi zake hazipo tena dukani, bado ni bunduki. Nitalirudia hilo mpaka mnichoke.

Nani hapa hajawahi kusikia habari za bunduki iliyo darini, imeviringishwa gunia, na kila mtu wa nyumba ile anajua lakini hakuna anayesema? Msinyooshe mikono! Afande yuko pale nyuma ananitazama.

Mji wetu huu umeona bunduki nyingi zikipita. Tarehe 21 Machi 1871 Stanley aliondoka hapa na kundi la mwisho la msafara wake kwenda kumtafuta Livingstone. Silaha alizobeba aliziorodhesha mwenyewe. Kulikuwa na Winchester moja na Henry moja, na zote mbili alizisifu kwamba zinapiga risasi 16. Kulikuwa pia na bunduki 24 za gumegume, zile za kujaza kwa mdomoni, za watu wake. Nawauliza: siku ile, nani alikuwa na silaha bora? Stanley, hakuna ubishi. Mwenzake wa gumegume amwage baruti, ashindilie, atie goroli, aweke baruti kidogo kwenye kikombe, ndipo alenge. Huku Mzungu amekwisha kupiga kumi na zaidi.

Sasa nawauliza tena. Leo, miaka zaidi ya 150 baadaye, ipi kati ya zile bado ingeweza kulia? Gumegume! Inataka jiwe, baruti na kipande cha risasi, basi. Lakini Henry, na Winchester ya wakati ule, zilikula risasi moja tu, ile ya Henry ya pointi 44 (pointi ni upana wa risasi kwa sehemu za mia za inchi), ambayo viwanda vya Marekani viliacha kuitengeneza miaka ya 1930. Ya kisasa ndiyo iliyokufa njaa. Ya kizamani haikumtegemea mwenye kiwanda, na asiyemtegemea mtu hanuniwi.

Na mkitaka kujua kwa nini kwenye nyumba zetu magobore, yaani hizi za kujaza kwa mdomoni, ni mengi kuliko bunduki za aina ya Stanley, kumbukeni mwaka 1890. Mataifa yalikutana Brussels yakasaini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani ya mkataba ule yakaweka vifungu vya silaha. Bunduki za kujaza kwa nyuma na zenye mifereji ya msokoto ndani ya mtutu, marufuku kuuzwa kwa watu wa sehemu kubwa ya Afrika. Gumegume na baruti ya kawaida, hizo zikaachiwa mlango. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alikuwa amenyongwa Pangani Desemba 1889. Unganisheni wenyewe.

Kwa hiyo ukiikuta nyumbani bunduki ndogo ya kujaza kwa nyuma, ya Kimarekani au ya Kibelgiji, mara nyingi ilikuja baadaye, kwa mkono wa meneja wa shamba la mkonge, au mmisionari, au ofisa aliyemaliza mkataba wake akagawa vitu. Ya babu yangu ilikuja hivyo. Alikuwa msimamizi shambani. Bwana wa shamba alipoondoka alimwachia bunduki pamoja na karatasi zake. Babu alifukuzia ngedere mahindini na, akibahatika, alirudi na kanga wa porini. Ni Stevens, ya kampuni ya Marekani yenye jina hilo, ya pointi 32, ya risasi moja moja. Na risasi zake ni za ukingoni.

Risasi ya ukingoni ndiyo ipi? Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye kiini. Risasi ya bunduki kubwa ya leo, ukiitazama matakoni, utaona kiduara katikati. Ile ndiyo fataki. Pini ikipiga pale, cheche inaingia kwenye baruti. Risasi ya ukingoni haina kiduara. Matako yake ni matupu, pengine na herufi moja tu. Zile za Henry zilikuwa na H. Dawa ya kuwasha imezungushwa ndani ya ule mdomo unaotokeza pembeni. Pini inapiga pembeni, inauponda ukingo, dawa inawaka, baruti inafuata.

Mfaransa Flobert alianza na kirisasi kidogo cha namna hiyo mwaka 1845, cha kulengea shabaha ndani ya nyumba. Mwaka 1857 Smith na Wesson wa Marekani wakatoa bastola ya pointi 22 yenye risasi kamili ya ukingoni, na baada ya hapo watu wakaja na kubwa zaidi. Ilikuwa akili kubwa: kila kitu ndani ya ganda moja, mvua haiingii. Lakini mlisikia neno nililosema? Pini inauponda ukingo. Ili upondeke, ganda lazima liwe jembamba. Na ganda jembamba halistahimili mgandamizo mkubwa, kwa hiyo huwezi kulipa nguvu ya kumwangusha mbogo. Tena likishapondwa limekwisha, halijazwi upya. Lile la fataki katikati linaweza kuwa nene, na fataki iliyoungua unaing'oa unaweka nyingine. Majeshi yakahamia huko, wawindaji wakafuata, na zile za ukingoni zikaanza kutoweka moja baada ya nyingine. Pointi 44 ya Henry, kwaheri. Pointi 25 ya Stevens, 1942, kwaheri. Pointi 32 ya babu yangu ilijikongoja, kiwanda kimoja cha Brazili kiliwahi kutoa fungu, lakini kuingia dukani ukanunua pakiti? Sahau.

Katika zile za kale, iliyobaki na afya kweli ni pointi 22 ndefu. Hiyo inatengenezwa kwa mabilioni mpaka leo. Na aliyeileta, mwaka 1887, ni kampuni ileile ya Stevens iliyotengeneza bunduki ya babu. Likumbukeni hilo, nitalihitaji baadaye.

Wazee wangu, hatari kubwa katika nyumba zetu iko kwenye kopo, si kwenye mtutu. Nawaambia kisa cha mtaa wa pili kutoka kwangu. Mzee amefariki, watoto wanasafisha chumba, wanakuta kopo la maziwa limejaa risasi kuukuu, zimeota ukungu wa kijani wa shaba. Kijana wa nyumba, mwenye bidii zake, anajua bei ya shaba kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Akakaa uwani na jiwe na nyundo atenganishe: madini ya risasi huku, shaba kule. Bibi yake ndiye aliyepiga kelele ya kuamsha mtaa. Nilipofika, moja ilikuwa tayari juu ya jiwe, imelala ubavu, na alama ya nyundo ya kwanza iko sentimita moja tu kutoka ukingoni.

Mmenielewa? Kwenye risasi ya ukingoni, dawa ya kuwasha iko mduara mzima. Huna mahali salama pa kugonga. Ukiibana na koleo ukingoni, umefanya kazi ya pini. Na hiyo kuukuu haina tabia moja: nyingine imekufa kabisa, nyingine inalia ukiigusa vibaya, nyingine pini inaipiga, kimya, unafungua utazame, nayo ndiyo inaamka. Hiyo ya tatu ndiyo naiogopa mimi. Zile za koponi tuliziacha palepale, hatukuzitikisa, tukaita polisi wakazichukua. Kijana alinuna kwa sababu ya shaba yake. Na anune.

Na nyie mafundi wa "inafanana", mnanisikia? Najua mpo. Risasi ya babu haipatikani, basi fundi anatafuta nyingine inayoingia. Anaizungushia karatasi ikae. Anaizungushia utepe wa umeme! Ndugu yangu, ganda lisilojaa chumba chake linapasuka, na gesi ikikosa njia ya mbele inarudi nyuma. Nyuma kuna nini? Kuna jicho lako. Kuingia na kutosha ni vitu viwili. Hata kufuli hatulifanyii hivyo.

Sasa mirathi. Sheikh wetu hapa amegawa mirathi mingi: minazi, nyumba, mpaka mitumbwi. Lakini bunduki inagawanywaje? Mtoto wa kiume mtutu, wa kike kitako? (Hapa watu walicheka, na Sheikh pia.) Nazungumza kwa uzito: leseni hairithiwi. Ilikuwa ya marehemu, kwa jina lake. Alipofariki, ile bunduki nyumbani kwako haina mwenye kibali hata mmoja. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na haisemi "isipokuwa ya babu." Msimamizi wa mirathi aifikishe polisi pamoja na risasi zake, kisha anayetaka kuimiliki aombe kibali chake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe. Itakaa huko wakati unashughulikia? Itakaa. Mimi ofisi moja ilinipeleka kwa nyingine, na ile nyingine ikanirudisha kwa ya kwanza, mpaka walinzi wakanizoea. Lakini nilipoitoa ile bunduki kituoni, niliitoa kwa mlango wa mbele, mchana, majirani wakinitazama.

Na wale ambao za kwao hazina karatasi kabisa? Umoja wa Afrika umetenga mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa silaha, na katika miaka ya karibuni Jeshi letu la Polisi limekuwa likitangaza kipindi cha kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Wakitangaza, nenda. Usingoje mjukuu wako aikute.

Haya, umepata kibali. Bunduki iko mikononi mwako kwa halali, nyekundu kwa kutu. Unafanya nini kwanza? Nawajua. Mnatafuta grinda!

Nilifundisha ufundi wa chuma miaka mingi, na nimeona vitu vingi vikiuawa kwa usafi. Kuna familia moja, siitaji, walikuwa na gobore zuri lenye maandishi ya Kiarabu juu ya mtutu, ya kuchonga kwa mkono. Kijana wao aliyerudi kutoka mjini akataka kuwafurahisha wazee kabla ya Idi. Msasa, brashi ya waya, kisha vanishi ya samani juu ya mbao. Ilimetameta! Nilipoomba kusoma maandishi, hapakuwa na maandishi. Palikuwa na chuma cheupe. Jina la nani lilikuwa pale? La fundi? La mwenyewe? Nyumba nzima haikuwa na mtu aliyewahi kuyanakili.

Kutu ni mbili. Ile nyekundu, ya unga, inayokuchafua vidole, hiyo inakula, iondoe. Ile nyeusi au ya kahawia, ngumu, laini kwa mkono, hiyo ni uzee wa chuma na inakilinda, iache. Ya babu niliipaka mafuta ya cherehani, nikaiacha iyanywe, kisha nikakwangua polepole kwa ukingo wa kipande cha shaba nilichokipiga bapa. Shaba ni laini kuliko chuma cha mtutu, inang'oa kutu haikwaruzi kilicho chini. Kazi ya kuchosha. Mke wangu aliniuliza kama nimeoa bunduki. Lakini siku moja, juu ya mtutu, zikaanza kutokea herufi: J. STEVENS A. & T. CO., kisha CHICOPEE FALLS, MASS. Hizo A na T, yaani Arms na Tool, silaha na zana, ni za jina la kampuni kabla ya kubadilishwa mwaka 1916. Kwa hiyo nikajua mtutu ule ulichongwa kabla ya Vita vya Kwanza kwisha, kabla babu hajaoa. Grinda ingelisema hilo?

Ndani ya mtutu ni habari nyingine, na sisi watu wa pwani tunapaswa kuielewa upesi kuliko wengine. Dawa ya kuwasha ya zamani iliacha chumvi. Kweli kabisa, chumvi, mtutu mzima, kila baada ya kupiga. Na chumvi haiyeyuki kwa mafuta. Mwenye bunduki anapitisha kitambaa cha mafuta, anaona kinatoka safi, anaitundika ukutani na upepo wa bahari unaingia. Chini ya mafuta chumvi inavuta maji na kutafuna. Ilitaka maji ya moto kwanza, ikaushwe, ndipo mafuta. Babu hakuambiwa, au aliambiwa kwa Kijerumani, sijui kwa Kiingereza. Mulikeni taa mtutu ule leo: nusu ya mbele mifereji bado ina ncha, nusu ya nyuma imeliwa vidonda.

Na kitu kimoja kidogo, kidogo kuliko punje ya mchele. Kwenye mdomo wa chumba cha risasi, juu, palikuwa na kibonyeo. Watoto wa vizazi viwili wameifyatua ile bunduki tupu, ta! ta! ta! Bunduki ya ukingoni ikifyatuliwa bila risasi, pini haina ganda la kuponda, inagonga chuma cha chumba chenyewe. Chuma kinavimbia ndani, na risasi haiingii tena sawasawa. Wazee walisema imelogwa. Fundi bunduki mwenye leseni alikirudisha kwa kifaa chake, nikishuhudia, huku akininyima kabisa ruhusa ya kumsaidia.

Mnataka kujua kama ililia. Naona nyuso.

Risasi za pointi 32 hakuna. Fundi alinipa njia mbili. Moja, kutoboa mtutu wa babu na kuuvika wa pointi 22, ile niliyowaambia mkumbuke, moja kwa moja. Ya pili, mtutu mwembamba unaoingia ndani ya ule wa zamani na kutoka tena ukitaka, mtutu wa babu usiguswe. Nilichagua ya pili, na kila badiliko likaandikwa kwenye kibali. Sipendi kitu cha urithi kifanyiwe jambo lisiloweza kutenduliwa. Anayekuja baada yangu naye ana haki ya kuamua. Wapo wanaosema hata hiyo ni kuichezea, iache ukutani. Nawaheshimu. Mimi nilitaka kuisikia.

Tatizo, pini ya babu inapiga mahali pa ukingo wa pointi 32, na ukingo wa pointi 22 ni mdogo. Pini ingepiga hewa. Kwa hiyo tundu la mtutu mwembamba halikuchongwa katikati. Limesogezwa upande kidogo sana, ukingo uifuate pini. Na risasi ziwe za kasi ya kawaida, si zile za kasi kubwa, maana chuma kile ni cha enzi ya baruti nyeusi.

Tukaenda uwanja wa shabaha wenye kibali. Fundi hakunipa bunduki. Aliifunga kwenye tairi kuukuu la lori, akafunga kamba kwenye kifyatulio, akatuambia turudi nyuma ya ukuta, akavuta. Akafanya hivyo tena na tena, na kila mara akiliokota ganda, akiligeuza juani kutafuta ufa au uvimbe. Vijana walikuwa wamechoka kusubiri. Mimi sikuchoka. Ndipo akaifungua kambani akanikabidhi.

Meta 25. Nikalenga katikati ya karatasi, nikapiga chini kushoto. Nikalenga tena, chini kushoto. Zote zilikwenda palepale, zikakaa eneo la kiganja, lakini chini kushoto! Tundu limesogezwa upande, na kilengeo ni cha risasi nyingine kabisa. Fundi akasema anaweza kukikata kilengeo kikae sawa. Nikamwambia asikiguse. Nalenga juu kulia, nagonga katikati, na sijui kama ngedere wa siku hizi wangekuwa na subira hiyo.

Basi, nimemaliza yangu. Mwenye bunduki nyumbani asiniletee hapa barazani, wala asinionyeshe picha kwenye simu huku Afande akiwa amekaa karibu. Niambieni tu "Mwalimu, nina mlango," nitaelewa, tutapanga siku twende kituoni pamoja. Risasi kuukuu msizisogeze zilipo. Na kabla hamjafuta kitu chochote juu ya chuma chochote, kiwe bunduki, jambia au kufuli, nakilini maandishi yake kwenye karatasi.

Maswali. Mama wa kanga nyekundu aliwahi, aanze yeye.